Pipistrel Velis Electro: ndege ya betri inayofaa mafunzo, mradi ratiba iifuate chaja

Velis Electro, ndege ndogo ya viti viwili inayotengenezwa na kampuni ya Pipistrel ya Slovenia, ndiyo ndege ya kwanza inayotumia umeme pekee kupata cheti cha aina (kibali kwamba muundo wake ni salama kuruka) kutoka EASA, shirika la Ulaya linalosimamia usalama wa anga. Ilipewa cheti hicho Juni 2020, na kwa sababu hiyo inastahili kupimwa kama chombo cha kazi kinachouzwa, si kama jaribio la maabara.

Nianze na sifa zake, maana ni za kweli. Mota yake yenye nguvu ya juu ya kilowati 57.6 haimtaki mwanafunzi ajifunze kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, wala kuhofia barafu kwenye kabureta. Wenzo mmoja tu ndio unaoongeza na kupunguza nguvu. Kioo kilicho mbele ya rubani humwonyesha kiwango cha chaji, afya ya betri na dakika zilizobaki kwa nguvu anayoitumia wakati huo, hivyo akivuta wenzo huo nyuma kidogo huziona dakika zikiongezeka papo hapo. Ni somo zuri la matumizi ya nishati, na hutolewa bila kelele za kuwasumbua wanaoishi kando ya uwanja.

Ugumu umo katika uzito. Ndege hii hairuhusiwi kuzidi kilo 600 inapopaa, na yenyewe tupu, pamoja na betri zake mbili, ina kilo 428. Zinazobaki ni kilo 172 za mkufunzi na mwanafunzi wake. Kila betri ina uzito wa takriban kilo 70, na zote mbili hubeba kilowati-saa 24.8. Petroli ya uzito huohuo ina zaidi ya kilowati-saa 1,600, na hata tukikubali kwamba injini ya pistoni hupoteza karibu theluthi mbili ya nishati hiyo kama joto ilhali mota ya umeme hupoteza kidogo sana, petroli bado inaipita betri kwa zaidi ya mara 20. Isitoshe, tangi la mafuta huwa jepesi kadiri safari inavyoendelea, lakini betri hutua na uzito uleule iliopaa nao. Ndiyo maana mtengenezaji anaahidi hadi dakika 50 angani, mbali na akiba, muda unaotosha kurudiarudia kupaa na kutua uwanjani, lakini hautoshi kwa safari ya kwenda mji mwingine na kurudi.

Wengi hudhani kwamba chaja ya kasi ingelimaliza tatizo hili. Chaja ya kilowati 20 huhitaji zaidi ya saa moja kuijaza betri iliyotumika sana, kwa sababu kasi hupunguzwa betri inapokaribia kujaa, na kwa hiyo ndege hukaa chini muda mrefu kuliko inavyoruka. Kulazimisha umeme mwingi zaidi kuna gharama yake: ioni za lithiamu (chembe zinazobeba chaji ndani ya betri) zisipopata nafasi ya kuingia ndani ya grafiti, yaani kaboni ya upande hasi wa betri, huganda juu yake kama metali, uwezo wa seli, vipande vidogo vinavyounda betri, hupungua, na hatari ya shoti ndani ya seli huongezeka. Seli zinazovumilia kasi kubwa zipo, ila kwa kawaida hubeba nishati kidogo kwa kila kilo, na kilo ndizo tulizokwisha kuzikosa.

Kwa ndege kubwa hesabu huwa nzito zaidi. Betri ya kilowati-saa 900 ikitakiwa kupokea chaji yote ndani ya nusu saa, inahitaji kilowati 1,800 kwa ndege moja tu, kwa hiyo uwanja wenye ndege tatu zinazochajiwa kwa pamoja utahitaji kituo chake cha kupozea umeme.

Kwa maoni yangu, Velis Electro inaifaa shule yenye ndege nyingine za mafuta kwa masomo ya safari ndefu, na inayoweza kupanga vipindi vya darasani wakati ndege inachajiwa. Mnunuzi asiridhike na dakika 50 za betri mpya: aombe kwa maandishi idadi ya dakika zitakazobaki afya ya betri itakapokuwa imeshuka, bei ya kuzibadilisha zote mbili, na uwezo wa laini ya umeme inayofika kwenye karakana yake.