Wakala wa kruzi alivyonipa orodha ya mizigo ya bahari nyingine (uzoefu wangu, Kigoma)

Nawapa nyota moja, na hiyo yenyewe ni ya yule dada aliyetupokea uwanja wa ndege Dar akatuonyesha pa kubadilisha hela, yeye hana kosa. Hao wengine mle ofisini wangekaa kwanza chini wafundishwe ramani.

Jina la kampuni silitaji, wakisoma watajijua. Ni wakala wa safari, wanauza kruzi za Bahari ya Hindi, unapanda meli Port Louis kule Morisi, inakuzungusha Shelisheli, Madagaska na Réunion halafu inakurudisha pale pale. Meli ni ya wazungu. Wakala kazi yake ni kukukatia tiketi, kukusaidia viza na kukuambia ubebe nini, basi. Mambo ya meli ina ghorofa ngapi na mabwawa mangapi tafuteni wenyewe, mimi nimekuja kuongelea orodha.

Tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu. Mimi nauza mawese na dagaa, wifi ana duka la vitenge pale Mwanga, tulikuwa tumedunduliza muda mrefu tukasema na sisi tukaone dunia kabla magoti hayajakataa. Safari ilikuwa mwezi wa kwanza. Basi kabla ya hapo ikaja PDF kwenye WhatsApp, nzuri, ina picha ya mnazi na mchanga mweupe, kichwa cha habari "Hali ya hewa na vitu vya kubeba". Imeandikwa eti Januari visiwa vya tropiki viko kwenye kiangazi, mvua ni za kuhesabu, dhoruba hakuna kwa sababu msimu wake ni Juni mpaka Novemba, kwa hiyo usijaze begi kwa makoti ya mvua na masweta, beba nguo za kuogelea, miwani ya jua, kofia, na nguo mbili za usiku za heshima.

Nikasoma tena. Juni mpaka Novemba? Mimi ni mtu wa Kigoma, mwezi wa kwanza huku tunalala na mvua tunaamka nayo. Na atlasi ya shule ya mjukuu wangu ipo mezani hapo, ukiifungua unaona Kigoma na Mahé, kile kisiwa kikubwa cha Shelisheli, viko karibu mstari mmoja kabisa, karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Najua sisi tuko juu kwenye Ziwa Tanganyika na wao wako baharini, siyo kitu kimoja, lakini mvua inyeshe Kigoma halafu kule pawe pakavu kwa kibali cha nani?

Nikapiga simu. Akapokea kijana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, yote vizuri. Nikamwambia hii orodha naona kama siyo ya bahari ya huku kwetu. Akacheka. Akasema mama, visiwa vya tropiki ni vile vile tu dunia nzima. Nikamuuliza na vimbunga je, maana Hidaya mwaka 2024 si alifika mpaka Mafia, boti za Zanzibar zikasimama, na ilikuwa Mei wala siyo Juni. Akaniambia, na hapa namnukuu kwa sababu nimekaa na hayo maneno mpaka leo: "Mama yangu, hii siyo Liemba. Ile ni bahari, siyo ziwa, nyie watu wa Kigoma mmezoea mitumbwi ndiyo maana mna wasiwasi. Wewe beba kanga zako uje ule raha." Halafu kabla hajakata simu nikamsikia anamwambia mtu wa pembeni, "bibi wa dagaa huyo," wakacheka wote.

Bibi wa dagaa! Hela ya dagaa mliipokea bila kuinusa lakini.

Na Liemba ana nini yeye? Ile meli imejengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924 na ikaja kubeba watu na mizigo ziwani miaka na miaka. Nitajie meli ya kisasa iliyokaa chini ya maji miaka minane ikatoka ikaendelea na kazi. Na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 kijana, huyo anayelidharau angekuja kipindi cha kusi avuke kwenda Kalemie kule Kongo na boti ya mbao ndiyo aniambie habari ya wasiwasi.

Basi mimi sikumsikiliza. Nilienda mtumbani nikachukua koti jepesi la mvua, lile linalokunjwa likaingia mfukoni, sweta moja, yeboyebo kwa ajili ya kushuka kwenye boti, na kidumu cha plastiki chenye mdomo mpana, kile ambacho wavuvi wa Katonga wanawekea simu na kiberiti visilowe. Maana mifuko ya rambo hatunayo tena tangu Juni 2019, na huko Shelisheli pia mifuko ya plastiki wameipiga marufuku. Wifi yeye akafuata karatasi. Begi lake lilikuwa linazidi kilo, akatoa sweta na koti la mvua ili yale magauni mawili ya usiku yaenee. Simlaumu, karatasi ina nembo ya kampuni, utaachaje kuiamini.

Cha kwanza kilichotupata ni cha ndani ya meli. Kiyoyozi. Nje ni joto la kukutoa jasho umekaa, ukivuka mlango tu baridi mpaka meno, na chumba cha kulia ndiyo usiseme. Wifi na gauni lake la heshima mabega wazi akawa anakula anatetemeka. Ilibidi ajifunge kanga juu ya gauni, zote mbili, moja kiunoni moja mabegani. Kwa hiyo kwenye kanga yule kijana alipatia, nakubali, ingawa alisema kwa dharau.

Pasi yetu ya nguo ilichukuliwa kwenye ukaguzi wakati wa kupanda, pasi na ekstensheni haviruhusiwi kwa sababu ya moto, tulirudishiwa siku ya kushuka. Kwenye orodha hakuna. Soketi za chumbani ni za pini mbili, chaja zetu za pini tatu hazikuingia mpaka tukaazima adapta. Kwenye orodha hakuna. Begi kubwa unalikabidhi bandarini linakuja chumbani saa nyingi baadaye, kwa hiyo dawa za presha na nguo ya kubadilisha unatakiwa uwe nazo mkononi. Hakuna! Ila picha ya mnazi ipo.

Aliyetufungua macho ni bibi mmoja wa Morisi tuliyekaa naye meza moja. Wifi amekulia Uvira kule Kongo, ana Kifaransa, wakaelewana wakawa kama wamezaliwa pamoja. Wifi akamwonyesha ile PDF kwenye simu (simu ilikuwa bado nzima wakati huo), akamtafsiria. Yule bibi akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga wa Atlantiki, kule Karibea. Huku kwetu ni Novemba mpaka Aprili, na Januari na Februari ndiyo katikati yake, maji ya bahari yakishapata moto kupita nyuzi 26 hivi ndiyo kimbunga kinapata nguvu. Kwao Morisi redio inatangaza tahadhari daraja la kwanza mpaka la nne, ikifika la tatu watu wanajifungia ndani. Mtoto mdogo wa kule anajua.

Kwa hiyo mkae mkielewa, ile orodha haina uongo hata mstari mmoja. Ni ya kweli tupu, ila ni ya Barbados, huko huko Karibea.

Sasa Nosy Be, Madagaska. Pale meli haifungi gatini, inatia nanga, mnashushwa na boti ndogo mpaka mjini Hell-Ville. Asubuhi kulikuwa na jua zuri tu, wakati wa kurudi wingu likashuka, mvua ikamwagika tukiwa kwenye foleni ya boti na hapakuwa na pa kujificha. Mimi nikavaa koti langu, simu na karatasi ziko kwenye kidumu begani. Wifi akalowa mpaka ndani, simu ikazima na haijawaka tena, picha zote za Shelisheli zikaenda nayo. Alikaa chumbani analia na mimi nikawa nawaza bibi wa dagaa, bibi wa dagaa. Hapo nilikuwa sitoi nyota hata robo.

Kidumu walikicheka siku za mwanzo, baada ya Nosy Be mzungu mmoja akaja kuniuliza nimekinunua wapi. Nikamwambia Kigoma. Akaenda kuitafuta kwenye simu.

Lakini jamani niseme ukweli, kabla ya Nosy Be, Shelisheli ilikuwa imeninyamazisha. Januari ndiyo mwezi wa mvua kuliko yote pale Mahé, na ilinyesha, lakini ilikuwa mvua ya nyumbani, inapiga saa moja inaacha, majani yananukia, unaendelea na safari. Vimbunga kule havifiki mara nyingi, wako karibu sana na ikweta, kwa hiyo hofu yangu yote niliiacha melini. Tulizunguka soko la Victoria, samaki wekundu wamepangwa, nikaanza kuuliza bei na kubishana kwa mikono kama niko mwaloni Kibirizi, yule muuzaji akanielewa vizuri tu. Tulivuka Praslin kuona ile minazi ya nazi pacha, nazi moja unaibeba kwa mikono miwili. Siku ile ungeniuliza ningewapa nyota tatu. Nne. Nilikuwa nimeshaanza kutunga meseji ya kumshukuru hata yule kijana.

Tukaja kwenye Réunion.

Réunion ni ardhi ya Ufaransa, sisi Watanzania tunatakiwa viza, na hata ukiwa na ile ya Schengen ya Ulaya haikuingizi, ni ya kwake peke yake. Tulilipia viza, tukaenda Dar kuweka alama za vidole, na kwa wakala tukalipia pembeni siku nzima ya kupandishwa kwenye volkano yao, Piton de la Fournaise, mlima wa mita 2,632 ambao bado unatema moto. Nilichokuwa nakisubiri mimi kwenye safari nzima ni hicho. Usiku tukiwa njiani mawimbi yakawa marefu, meli inapanda inashuka taratibu, mimi nilikula kama kawaida, wifi alikuwa anatafuna tangawizi niliyotoka nayo nyumbani. Asubuhi kapteni akatangaza kuna kimbunga kinakuja upande wa Réunion, bandari imefungwa, hatutii nanga, tunakaa baharini kuzunguka mbali nacho.

Kapteni simlaumu, alifanya vizuri. Mnajua Réunion ni kisiwa cha namna gani kwa mvua? Januari 1966 sehemu yao moja ya milimani, Foc-Foc, ilipata milimita 1,825 kwa saa 24, rekodi ya dunia. Huku Kigoma milimita elfu moja hivi ndiyo mvua ya mwaka mzima. Na kituo kinachofuatilia vimbunga vyote vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kipo hapo hapo Réunion. Yaani kampuni inakuuzia tiketi ya kwenda kwenye mlango wa nyumba ya wataalamu wa vimbunga halafu inakuandikia dhoruba hakuna.

Wenzetu waliolipia matembezi kwa meli yenyewe walirudishiwa hela zao siku ile ile, inaingia kwenye bili ya chumba. Sisi tuliolipia kwa wakala tukaambiwa tukaulize Dar. Tumeuliza. Kwanza wakasema hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Nikawajibu kimbunga ni cha Mungu, hela iko kwenu. Wakasema iko kwenye mchakato. Siku nyingine akapokea yule yule kijana, nikaitambua sauti, nikamwambia ni mimi bibi wa dagaa, akakata.

Sasa mtaniuliza ningerudi? Kruzi ningeenda hata kesho, nakata moja kwa moja kwa wenye meli, na nakwenda mwezi huo huo wa kwanza na koti langu, mvua haijawahi kuniua. Kwa hawa siendi hata wakinipa bure. Labda wakinipa bure. Na anayetaka kwenda Januari abebe kitu cha mvua kinachokauka haraka, pamba nyepesi ya mikono mirefu kwa jua la kwenye maji, sweta ya kiyoyozi, kiatu kisichoogopa maji, na asitie moyo wake wote kwenye bandari moja maana meli ikibadilisha njia hakuna wa kumshtaki.

Nilitaka kuacha ile nyota moja ibaki. Ila juzi mwalimu mmoja wa Ujiji ambaye anapanga kwenda nao amenionyesha PDF aliyotumiwa. Mnazi ule ule, Juni mpaka Novemba ile ile, wamebadilisha mwaka tu pale juu. Nyota naiondoa. Na hela ya volkano, ya watu wawili, bado naidai.