Saluni yenye maji: soketi ya sakafuni au ya ukutani?

Soketi ya sakafuni inavutia kwa sababu moja: waya za draya hazikatizi njia ya wateja. Lakini saluni hupigwa deki mara kadhaa kwa siku, na karibu na beseni la kuoshea nywele hapakauki. Inama utazame kifuniko chake. Hata kile cha IP67, kinachostahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, kwa kawaida hupewa daraja hilo kikiwa kimefungwa. Ukichomeka plagi kinabaki wazi, na maji hufuata mteremko hadi kwenye matundu. Nywele na sabuni nazo hung'ang'ania mpira wa kuzibia mpaka haukazi tena.

Ya ukutani, mita 1.2 juu na mbali na beseni, hupatwa na matone tu. Zipo zenye kifuniko kinachofunga plagi ikiwa ndani. Mimi ningeweka hii bila kusita, hata ikibidi kuchimba ukuta.

Zote mbili zinahitaji waya wa ethi na RCD (kifaa kinachokata umeme mara unapovuja) ya miliampia 30. Fyuzi haihisi mvujo mdogo wa umeme, nao unatosha kuua.