Floti ya mpira ya grauti: huu ukingo umenibamba!

Hamjambo nyote, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuko hapa Kisumu, upande wa Mamboleo, ndani ya bafu ambalo taili zake zililazwa jana asubuhi. Gundi imeshashika, masaa 24 yamepita, spesa zote, vile vipande vidogo vya kutenganisha taili, nimezing'oa. Mkisikia mwangwi mniwie radhi, chumba hakina kitu.

Kitu chenyewe ni hiki. Floti ya mpira ya kujazia grauti, yaani ule uji wa simenti unaoziba jointi, zile nafasi kati ya taili. Juu mshikio wa plastiki, chini bapa la mpira mweusi. Ukubwa na uzani sitawasomea, mkifika hadiwea mtaishika wenyewe. Ninachotaka mkione ni hapa, ngoja nisogeze kamera. Huu ukingo. Mnaona ninavyoukandamiza kwa kidole gumba? Unapinda kidogo, halafu unarudi umenyooka vilevile. Narudia tena. Umerudi! Pesa yangu imeenda hapo na sijutii hata senti.

Maana tumezoea nini huku kwetu? Fundi anakata kipande cha slipa kuukuu, au anapaka kwa vidole vitupu, kisha anamwaga unga wa mbao asugue. Sisemi mafundi wetu hawajui kazi, wako wanaofanya maajabu kwa hiyo slipa. Lakini simenti inachubua ngozi, na mtu anayefanya kazi hii kila siku bila glavu anaumia vidole. Vaeni glavu jamani. Na kidole hakina ukingo ulionyooka, kwa hivyo jointi moja inatoka imebonyea na inayofuata imevimba.

Haya, tufanye kazi. Grauti nimeshaikoroga: maji kwanza kwenye ndoo, halafu unga kidogo kidogo, mpaka ikawa nzito kama dawa ya meno. Kipimo cha maji kimeandikwa kwenye pakiti, kifuateni hichohicho. Nimeiacha itulie dakika 10 na nimeikoroga tena bila kuongeza tone. Ikianza kuwa ngumu kwenye ndoo, wengi wanaongeza maji. Msiongeze! Maji yakizidi, grauti inakuwa dhaifu, inatoka vitundu, na rangi inakauka mabaka mabaka. Mtu analaumu unga wa watu ilhali shida ilianzia kwenye ndoo.

Sasa tazameni mkono wangu. Nimechota, nimeweka sakafuni. Floti nimeilaza hivi, imeinuka kama digrii 45. Naisukuma kwa nguvu, mshazari, kutoka kona ya taili hii kwenda kona ya ile. Sifuati jointi. Nawasogezea karibu: grauti inaingia mpaka chini, mnaiona inavyojaa? Napita tena kutoka upande wa pili, ili kama kuna hewa imebaki mle ndani itoke. Usipake juu juu tu ukaridhika, ikikauka itatumbukia.

Halafu ndiyo sehemu ninayoipenda. Naisimamisha floti, karibu iwe wima kabisa, na ule ukingo naupitisha mshazari juu ya taili. Angalieni! Grauti ya juu yote imekuja na floti, ya kwenye jointi imebaki imejaa. Narudia hapa kwenye mwanga. Moja... mbili... Mnaona taili imebaki na utando mwembamba tu? Kwa slipa hapa ungekuwa na matope ya kupangusa mpaka jioni.

Na kwa nini mshazari? Ona nikipitisha sambamba na jointi, nafanya makusudi muone. Ukingo umezama ndani, umechota grauti, umeacha mfereji. Basi. Ukienda mshazari, ukingo unakaa juu ya taili mbili kwa wakati mmoja, hauna pa kuzama. Ndiyo maana nasema mpira uwe mgumu kiasi. Dukani kulikuwa na nyingine ya shilingi 250, chini yake sponji. Ile ni ya kupangusia. Ukijazia nayo, inafyonza maji ya grauti na inazama kwenye kila jointi. Kuna na ya plastiki tupu, hiyo haipindi hata kidogo, na ikikutana na taili iliyoinuka inaruka na kuacha pengo.

Kabla sijasahau, kuanzia wiki ijayo video zitakuwa zinatoka Alhamisi jioni, si Jumanne tena. Na dada wa Bungoma aliyeuliza kuhusu jiko lake, swali lako nimeliona. Taili za ukuta zenye jointi ya milimita 2, tumia grauti isiyo na mchanga. Ile yenye mchanga ni ya jointi za milimita 3 kwenda juu, inasaidia isipasuke ikikauka, lakini kwenye jointi nyembamba haishuki vizuri na inaweza kukwaruza taili zinazong'aa. Tena chokoa gundi yote iliyopanda kwenye jointi kabla ya kujaza, la sivyo hapo rangi itatoka tofauti.

Turudi sakafuni. Hapa Kisumu joto ni mshindani wako. Jua likiingia kwa dirisha hilo saa sita mchana, taili inapata moto na grauti inakauka juu, ndani ikiwa bado mbichi. Mimi naanza alfajiri, nafanya eneo dogo, kama mita moja mraba, kisha nasimama nipanguse. Taili za keramiki zinazofyonza maji nazipitishia kwanza sponji yenye unyevu kidogo. Unyevu tu, kusiwe na dimbwi.

Kupangusa nako kuna ustadi wake, na hapa ndipo watu wanaharibu kazi nzuri ya floti. Subiri. Dakika 15, wakati mwingine 30, joto ndilo linaloamua. Gusa jointi kwa kidole: kama kidole kinatoka kisafi na jointi haijabonyea, anza. Ndoo mbili, moja ya kusuuza ya kwanza na nyingine ya maji safi. Sponji ikamue mpaka isitone, kisha pitisha mara moja kwa kila upande, mshazari vilevile, geuza, suuza. Sponji inayochuruzika inaosha rangi na kuacha jointi imechimbika. Utando mweupe utakaobaki ukikauka, kitambaa kikavu kinaumaliza, unga wa mbao hauna kazi hapa.

Ukitaka kujua jointi zimejaa sawasawa, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu na sakafu. Kila shimo litaonyesha kivuli chake. Mlipeni fundi baada ya tochi, si kabla.

Kuna jambo la mshikio pia, nililisahau. Umekaa chini sana. Nikishika kwa nguvu, vidole vyangu vinagusa grauti kila nikivuta. Kwa dakika za mwanzo nilisema ni sawa, sasa nimemaliza nusu ya sakafu na nimeanza kuudhika. Mwenye mikono mikubwa ataudhika zaidi. Waliotengeneza wangeinua mshikio kwa upana wa kidole kimoja tu, hii ningeiita bora kuliko zote nilizowahi kushika. Bado naipenda, ila hili walirekebishe.

Mtaniuliza kuhusu simenti nyeupe, najua, kila wiki mnaniuliza. Ni rahisi, ndiyo. Lakini simenti nyeupe tupu haina vile viungo vinavyowekwa kwenye grauti ili isinywee na ishike kando za taili. Ikikauka inapasuka nyufa ndogo ndogo, na bafuni inanywa maji na uchafu mpaka inakuwa ya kijivu. Grauti ya epoksi, ile ya gundi ya kemikali badala ya simenti, nayo ni ngumu kweli, haifyonzi maji, haihitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu maji yasiingie. Lakini inakuja vipande viwili vya kuchanganya, bei iko juu, na ikishaanza kuganda haikusubiri umalize chai. Kwa bafu la nyumbani, grauti ya kawaida iliyopakwa dawa ya kuziba baada ya kukauka inatosha.

Na wale wa Nyamasaria, Ahero na nyanda za Kano, mnaojenga juu ya udongo mweusi: nyinyi mnajua udongo ule unavyovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Sakafu ikisogea, grauti ya pembezoni ndiyo inayopasuka kwanza. Pale sakafu inapokutana na ukuta msijaze grauti, wekeni silikoni, ile gundi laini kama mpira, kwa sababu silikoni inanyumbuka. Hata kama mko juu ya mwamba kule Riat, kona za bafu ni silikoni. Nimeacha kona zangu zote wazi, mnaziona? Hizo ni za video ya Alhamisi.

Sasa bei. Hii nimeinunua shilingi 650 dukani mjini. Mwanzo nilitaka kuwaambia kila mwenye nyumba anunue. Nikifikiria sasa, kama una ukuta mdogo tu nyuma ya jiko, azima kwa jirani au mwambie fundi aje na yake. Kama una bafu zima, sebule, au unafanya nyumba ya kupangisha yenye vyumba kadhaa, nunua bila kuwaza. Ila ukiwa dukani usinunue kabla ya kuukandamiza ukingo kwa kidole gumba. Ukiona umepinda na haujarudi, au una pengo lililochanika, rudisha kwenye rafu hata wakupunguzie bei. Ukimaliza kazi ioshe papo hapo, grauti ikigandia kwenye ukingo hutaupata tena ulivyokuwa.

Bafu hili halitakanyagwa mpaka kesho asubuhi, na maji ya kuoga nitayafungulia baada ya siku 3. Niandikieni chini mko wapi na grauti ya kwenu mnainunua kwa bei gani, hasa watu wa Kakamega na Busia, maana nasikia bei zenu zinatofautiana sana na za hapa. Alhamisi nakuja na silikoni, kona hizi hizi.