Programu ya stoku ilituambia tuna mchele wa miezi mitatu, kumbe ni wa wiki moja na nusu

Nianze na nyota: mbili. Moja ni kwa sababu inafunguka kwenye simu yangu ya kawaida hata netiweki ikiwa mbovu, ya pili nitaieleza huko chini kama hasira itakuwa imepoa. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi na mtu.

Sisi tunauza mchele, sukari na ngano kwa jumla, godauni kubwa liko Kampala na mawili madogo Mbale na Arua. Kazi yangu ni kuhakikisha mzigo hauishi na pia haulali. Mchele wetu wa Pakistan unashukia Mombasa, halafu lori, halafu foleni ya mpakani Malaba, kwa hiyo ukichelewa kuagiza umechelewa kweli, hakuna cha kutuma boda ikakuletee. Ndiyo maana bosi wetu, Hajji, alikubali kulipia programu ya kupanga mzigo kila mwezi, tukaacha Eksel yangu ambayo ilikuwa na sura mbaya lakini haikuwahi kutudanganya.

Mwanzoni niliipenda, sitaficha. Kila Jumamosi jioni vijana wa stoo wanahesabu, wanaingiza yaliyobaki, na yenyewe inajumlisha Kampala, Mbale na Arua, unaona mchele wote wa kampuni kwa namba moja. Hapo iko sawa kabisa, maana gunia likiwa Arua haliwezi kuwa Mbale saa ile ile. Hata makadirio ya mauzo inajitahidi, ilijua sukari inapanda Desemba kabla sijaiambia.

Sasa ikaja ripoti ya mwezi. Hajji hana habari na wiki, yeye anataka mwezi, anabofya pale juu na wiki nne zinakunjwa kuwa mstari mmoja. Ramadhani ilikuwa inakaribia, mimi siku hiyo niko Mbale nahesabu ngano, yeye anafungua anaona mchele: magunia 3,250. Rangi ya kijani, imenawiri.

Twende pamoja. Mwezi tuliuanza na magunia 1,500. Wiki ya kwanza tukauza 300, yakabaki 1,200. Ya pili tukauza 250, yakabaki 950. Ya tatu tena 250, yakabaki 700. Ya nne 300, yakabaki 400. Hakuna lori hata moja lililoingia. Haya, hayo 3,250 yametoka wapi wakati mwezi mzima hatujawahi kuwa na zaidi ya 1,500? Chukua 1,200, 950, 700 na 400, jumlisha. Ndiyo hivyo! Ilichukua mabaki ya kila wiki ikayajumlisha kama mauzo yanavyojumlishwa, gunia lile lile lililokaa kwenye kona tangu mwanzo wa mwezi likahesabiwa mara nne. Na haikuishia hapo, ikachukua hiyo namba ikaigawa kwa mauzo ya wiki, kama 275 hivi, ikaandika tuna mchele wa karibu wiki 12. Ukweli wake ni 400 gawa kwa 275, wiki moja na nusu.

Hajji akampigia mtu wa Mombasa akaahirisha oda. Mchele, karibu na Ramadhani. Niliporudi akaniambia kwa furaha kabisa, "Mama, mwaka huu tumejipanga." Nikaingia stoo kuangalia, nikatoka bila sauti.

Nikapiga simu sapoti. Hapa ndipo sitasamehe. Kijana mmoja, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, nikamweleza polepole, nikamtumia na picha ya skrini. Akanijibu, "Nyabo, sistimu haikosei, ni watu ndio hawajui kusoma ripoti." Nikajizuia. Nikamwambia sebo, salio lako la mobail mani likiwa 50,000 Jumatatu, ukawa hujaligusa, kila siku ukiangalia ni 50,000 mpaka Jumapili, utasema una laki tatu na nusu? Kimya. Halafu akasema hiyo ni tofauti, hiyo ni pesa. Halafu, na nakumbuka neno kwa neno, "Kwani hapo ofisini hakuna mtu wa kompyuta nimuelezee yeye?" Mimi! Nimesimamia stoo tangu enzi za kadi za karatasi, mtu ambaye hajawahi kunusa vumbi la godauni ananitafutia mtu wa kunisaidia kusoma. Nikakata simu nisije nikatukana.

Jambo lenyewe si gumu hata kidogo. Kuna namba za mwendo na kuna namba za kusimama. Mauzo, magunia yaliyoingia, yaliyoharibika na panya, hizo zinatembea, za wiki nne ukijumlisha unapata za mwezi, 1,100 tuliyouza ni 1,100 kweli. Lakini mzigo uliobaki ni picha ya saa ile. Mwezi ukiisha, anayepanga oda anataka namba ya mwisho, 400, basi. Mhasibu wetu yeye anataka wastani, kwa sababu anapima mzigo unazunguka mara ngapi, na wastani wa zile wiki nne ni kama 812, sina ugomvi naye. Ila wastani huo huo ukimpa mtu wa kuagiza unamuua, 812 inaonekana nzuri wakati stoo imebaki na 400 na inazidi kushuka. Kila namba na mwenyewe. Jumla pekee ndiyo haina mwenyewe, na ndiyo waliyoiweka wao!

Ramadhani ilivyokwenda sitaki hata kusimulia. Wateja wa Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, tuliokaa nao miaka wanapiga simu, tunanunua kwa mshindani kwa bei yake ili tusiwapoteze, tunawauzia kwa bei yetu ya kawaida, hasara tunameza wenyewe. Hajji hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Haya, nyota ya pili. Baadaye, baada ya Hajji mwenyewe kupiga simu na kutishia kuacha kulipa, walimleta dada mmoja ofisini, mpole, ana adabu, akakaa kwenye kiti akauliza kwanza sisi tunafanyaje kazi. Akaingia kwenye setingi, akafungua ile safu ya mzigo uliobaki, pale palipoandikwa jumla akaweka namba ya mwisho ya kipindi. Hakumaliza hata chai. Mwezi ukasoma 400. Nikafurahi, nikampenda, ningempa yeye nyota tano akaondoka nazo. Lakini sasa fikiria: kwa hiyo hiyo setingi ilikuwepo siku zote? Na yule kijana anakaa humo humo ofisini kwao haijui?

Na haikuisha. Wiki iliyofuata mchele umekuwa mwekundu, kengele inalia, nunua magunia 800 haraka. Kwa nini? Kwa sababu sefti stoku, yale magunia 300 ambayo hatutaki kushuka chini yake, nayo ilikuwa bado inajumlishwa. Wiki nne mara 300 ikapata 1,200, ikalinganisha na 400 yetu, ikaona tumekwisha. Jamani, kiwango ni kiwango, mwezi hauongezi kiwango. Kwanza ilituzuia kununua wakati tunahitaji, sasa inatulazimisha kununua wakati tuko juu ya mstari.

Halafu kuna ile wiki inayokatwa na mwezi, siku tatu huku, siku nne kule. Mauzo ukiyagawa kwa siku naelewa, inakaribia ukweli. Yenyewe inagawa hata mzigo! Magunia 400 yanakuwa 171 mwezi unaoisha na 229 mwezi unaoanza. Na kwa kuwa sasa inachukua namba ya mwisho, mwezi unafungwa na 171. Yale mengine yamekwenda wapi, yamevuka mpaka Busia usiku?

Nimewaandikia kuhusu hayo mawili. Jibu limekuja juzijuzi, adabu tele, kwamba hayo ni "mabadiliko maalumu ya mteja" na yana gharama yake, watatutumia invoisi. Invoisi ya kurekebisha hesabu yao wenyewe! Hajji anasema tuvumilie kwa sababu makadirio ya mauzo ni mazuri, na ni kweli ni mazuri, na yule dada ni mtu. Lakini nimerudisha Eksel yangu kimyakimya, kila Jumamosi naingiza kote kuwili, na oda ya Mombasa haiondoki mpaka niangalie yangu.

Nilisema nyota mbili. Nimesoma tena ile barua ya invoisi. Weka moja.