Préludes za Debussy kwa mikono ya Krystian Zimerman: hapa ndo pa kuanzia

Kama umewahi kusikia Clair de lune mahali, kwenye filamu au kwenye simu ya mtu, ukabaki unajiuliza huyu aliyetunga hiki kitu ana nini kingine, mi nina jibu moja na nitalitetea mpaka kesho: ni Mfaransa Claude Debussy, tafuta Préludes zake, vitabu vyote viwili, alizopiga Krystian Zimerman, mpiga piano wa Poland, kwa kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon. Alizirekodi 1991, jumla ni prelyudi 24, yaani vipande vifupi vya piano, 12 kila kitabu, dakika 80 na ushee hivi, ndo maana zilitoka kwenye CD mbili, na siku hizi unazipata pia kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Nimesikiliza rekodi nyingi za hizi prelyudi na nyingine nazipenda sana, ila kwa mtu anayeingia mara ya kwanza kwenye huu muziki wa piano wa Kifaransa, ule wanaouita wa impreshonizimu, sijaona inayoishinda hii. Sababu ni moja, huyu bwana anakufanya usikie tabaka za sauti, kila moja mahali pake, na huu muziki usiposikia tabaka zake umekosa karibu kila kitu.

Hapo inabidi nieleze kidogo maana watu wengi wanaupata huu muziki kupitia zile pleilisti za kulalia, za kusomea, piano laini ya kutuliza akili, wanasikiliza nusu saa wanasema mzuri ila mbona ni uleule tu. Na kweli ukiuweka chini chini huku unafanya mambo mengine utausikia uleule, kwa sababu masikio yetu yamezoea kufuata melodi, yaani kuna wimbo juu, kuna vitu vinausindikiza chini, unaufuata wimbo mpaka unaisha. Debussy mara nyingi hakupi hiyo kamba ya kushika. Anakupa kipande cha melodi, anakiacha, anakurudishia kikiwa na rangi nyingine, na wakati huohuo kuna besi chini kabisa bado inalia na kuna kitu kinameta juu, sasa ukikaa unasubiri wimbo uanze utasubiri mpaka prelyudi iishe. Ukiacha kusubiri ukaanza kusikiliza mlio wenyewe, unavyozaliwa, unavyoning'inia, unavyofifia, hapo ndo unaanza kuelewa kwa nini watu wanaupenda hivi.

Chukua Voiles, ya 2 kwenye kitabu cha 1. Karibu yote imejengwa kwa skeli, yaani ngazi ya noti, ambayo hatua zake zote zinalingana, kwa hiyo hakuna noti inayokwambia hapa ndo nyumbani, tumefika, kila kitu kinaelea tu, isipokuwa noti moja ya besi, B-flati, inayorudi na kurudi chini. Zimerman anaigonga kwa upole sana lakini haipotei, unaisikia mpaka kwenye mbavu, na zile sauti za juu zinapita bila kuigusa. Alafu karibu na mwisho, kwa muda mfupi mno, mikono inahamia kwenye vibonyezo vyeusi vitupu na muziki wote unapaa, kabla hujakaa sawa umesharudi kwenye kule kuelea. Rudia hicho kipande. Ni sekunde chache tu lakini ukishazisikia vizuri umeshaelewa Debussy anafanya kazi vipi, anabadilisha skeli na hewa nzima ya chumba inabadilika.

Sasa siri kubwa ya huyu mpigaji ni pedali. Piano kimsingi ni nyundo zinazogonga nyaya, ukiachia kibonyezo kuna kizimio kinashuka juu ya waya na mlio unakatika. Ukikanyaga pedali ya kulia vizimio vyote vinanyanyuka kwa pamoja, na hapo sio tu noti uliyogonga inaendelea kulia, hata nyaya ambazo hujazigusa zinaanza kutetemeka zenyewe kwa kuitikia. Debussy inasemekana alikuwa anataka mpigaji asahau kabisa kwamba piano ina nyundo, na ukifikiria hilo ni ombi gumu kweli, kuambiwa usahau chombo ulichokalia kimetengenezwaje. Mguu ndo unaofanya hiyo kazi, ukanyage nusu au robo, uachie lini, maana ukizidisha sauti zinachafuka na ukipunguza zinabaki mifupa mitupu. Sikiliza Brouillards inayofungua kitabu cha 2, ukungu, mkono wa kushoto unatembea kwenye vibonyezo vyeupe huku wa kulia unanyunyiza noti nyingi za vyeusi juu yake, zile mbili hazipatani kabisa kwenye karatasi, lakini zikipita kwenye pedali ya Zimerman unapata kitu kimoja kinachotiririka na bado ukitega sikio unaweza kuzitenganisha. Wapigaji wengine hapo wanakupa ukungu tu. Huyu anakupa ukungu na vitu vilivyojificha ndani yake.

La cathédrale engloutie, ya 10 kitabu cha 1, nadhani ndo watu wengi watakayoipenda kwanza. Nyuma yake kuna hadithi ya watu wa Bretagne huko Ufaransa, mji wa Ys uliomezwa na bahari, na kanisa kuu lake linaibuka asubuhi kutoka majini, unasikia kengele, unasikia mapadri wanaimba, kinanda kikubwa kinanguruma, alafu linazama tena. Debussy anaanza na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, tupu tupu, zinazopanda polepole kutoka chini kwenda juu, kimya kabisa, na Zimerman anazipiga bila haraka hata kidogo, kila moja anaiacha ilie mpaka inakaribia kuisha ndo anaweka nyingine. Alafu maji yanaanza kusogea, sauti inajaa, inajaa tena, na lile kanisa linapotokea lote, kodi nzito za C-meja mikono miwili, sijui rekodi nyingine ya piano moja yenye uzito kama ule, na ajabu haipigi kelele, ni kubwa bila kuwa kali. Baada ya pale kuna sehemu ileile inarudi lakini imezama, mkono wa kushoto unazungukazunguka chini kama maji na ule wimbo unatoka mbali. Hapo huwa siongei na mtu.

Kuna jambo moja kuhusu hii prelyudi linalonifurahisha sana. Debussy mwenyewe alirekodi vipande vyake vichache kwa kampuni ya Welte, kwenye zile roli za karatasi yenye matundu zinazoendesha piano yenyewe, na hii ilikuwemo, na ukisikiliza utaona kuna sehemu ndefu anazozipiga kasi mara mbili ya vile wengi walivyokuwa wanasoma noti zilizochapishwa. Kwa hiyo ukisikiliza rekodi mbili za cathédrale ukakuta zinapishana sana kwa mwendo usishangae, ni ugomvi wa kweli kabisa na umegawa wapigaji mpaka leo.

Sasa lawama. Tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye hii albamu ni kubwa mno. Ukisikilizia spika ya simu, Des pas sur la neige, nyayo kwenye theluji, ile ya 6, inapotea kabisa, unabaki unaangalia kama kweli imeanza, unaongeza sauti, alafu ya 7 inafuata, Ce qu'a vu le vent d'ouest, upepo wa magharibi, na ule upepo ukianza unaruka kwenye kiti. Yaani hii sio albamu ya spika ndogo wala ya kwenye gari. Hedifoni za kawaida tu zinatosha, sio lazima ziwe za bei, lakini uwe sehemu tulivu. Na usiruhusu programu iruke ruke kuchanganya mpangilio, maana huo upepo baada ya theluji umewekwa pale makusudi, ni mtu ameganda alafu dunia inamwangukia.

Lawama nyingine ni La fille aux cheveux de lin, yule binti mwenye nywele za kitani, ya 8, fupi, na kwa sikio ndo rahisi kuliko zote. Naona Zimerman ameipima mno, kila noti imekaliwa kikao, na kile ni kitu kinachotaka kusemwa tu kikaisha. Hapo mi nahama naenda kwa Walter Gieseking. Huyu alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Lyon 1895, na miaka ya 1950, karibu na mwisho wa maisha yake, alirekodi muziki wa piano wa Debussy karibu wote. Rekodi zake ni za mono, yaani sauti ya njia moja tu bila kushoto na kulia, zina mchakacho, piano inasikika ndogo, lakini ule wepesi wa kidole sijausikia kwa mwingine, hasukumi kitu, mwendo wake una haraka kidogo na muziki unapita wenyewe. Kwa La fille na kwa zile zinazokimbia kama Le vent dans la plaine nampa Gieseking bila kufikiri. Ila ukianza naye kabla sikio halijazoea, ile sauti ya zamani itakufichia nusu ya mambo, ndo maana nasema anza na Zimerman alafu mrudie mzee.

Turudi kitabu cha 2 kwa sababu watu wanakiacha, na Zimerman humo ndo anatisha. Ni kigumu zaidi kuingia, melodi zimepungua, lakini kina vituko, kuna moja inaanza na wimbo wa taifa wa Uingereza umepigwa kwa uzito kwenye besi, kuna La Puerta del Vino iliyotokana na postikadi ya lango la kasri la Alhambra kule Granada, Hispania. Na ya mwisho kabisa, Feux d'artifice, fataki. Inaanza kwa mnong'ono wa noti zinazozunguka haraka haraka chini, cheche moja moja zinaruka juu, zinaongezeka, mpaka mikono inafagia vibonyezo vyeupe na vyeusi kwa pamoja kushuka chini na kila kitu kinalipuka. Alafu kimya, besi inatetemeka kwa mbali, na juu yake, kwenye ufunguo ambao haukubaliani kabisa na ile besi, kinasikika kipande kidogo cha La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, kama bendi iko mitaa ya mbali na watu wanarudi nyumbani. Zimerman anakipiga kidogo sana. Nilipokitambua kwa mara ya kwanza nilipata raha ambayo siwezi kuieleza, na kila nikisikiliza nakisubiri.

Ushauri wangu wa namna ya kusikiliza. Usizipige zote 24 kwa mkupuo mmoja. Debussy mwenyewe alipozipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu Paris, Mei 1910, alichagua 4 tu, kwa hiyo na we chagua nne, zirudie siku kadhaa, alafu ongeza. Na usisome majina kwanza. Kwenye noti zilizochapishwa hakuyaweka juu, aliyaweka mwishoni baada ya muziki kuisha, ndani ya mabano, na vinukta vitatu mbele yake, ni wazi alitaka usikie kwanza ndo upate jina. Hata hilo neno impreshonizimu hakulipenda, lilitoka kwa wachoraji, Monet na wenzake na maonyesho yao ya 1874, na 1908 alimwandikia mchapishaji wake kwamba wanaomwita hivo ni wajinga. Mi nalitumia kwa sababu ndo neno utakaloandika unapotafuta na ndo litakaloleta hii albamu, lakini ukiishaingia ndani utaona kwa nini lilimkera, maana hakuna ukungu wa bahati mbaya humu, kila kitu kimekatwa kwa wembe.

Ukishazizoea, njia inagawanyika mara mbili. Ukiwa umependa zaidi zile tulivu zenye kengele na maji, nenda kwenye Images, vipande vingine vya piano vya Debussy huyohuyo, alizorekodi Arturo Benedetti Michelangeli 1971, na uongeze Pagodes kutoka Estampes, seti yake nyingine ya 1903, kule utasikia alichobaki nacho kichwani baada ya kusikia gamelani, ile bendi ya magongo ya shaba ya kisiwa cha Java, kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1889. Ukiwa umependa zile za upepo na fataki nenda kwa Maurice Ravel, mtunzi mwingine Mfaransa, Gaspard de la nuit ya 1908, rekodi ya Martha Argerich ya katikati ya miaka ya 1970. Ina sehemu tatu, ya kati inaitwa Le Gibet na ina B-flati moja inayogonga kama kengele tangu mwanzo mpaka mwisho haikomi, na ukiwa umeshaipitia ile besi ya Voiles vizuri, utajua papo hapo sikio uliweke wapi.