Majarida Ninayoyasoma Pemba, Nje ya Magazeti ya Kila Siku

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Pemba, na kwa muda mrefu nilisoma kile walichosoma wenzangu wote: Zanzibar Leo, Mwananchi, na gazeti la michezo likipatikana. Sina ugomvi na magazeti hayo. Yana kazi yake ya kutueleza nani kateuliwa, bei ya karafuu imesimama wapi na Baraza la Wawakilishi limezungumza nini. Lakini jambo likishapoa gazeti huliacha na kukimbilia jengine, na msomaji anayetaka kujua liliishia wapi hubaki na maneno ya barazani tu. Kwa sababu hiyo nilianza kutafuta majarida ambayo huyaoni yakiuzwa Chake Chake wala Darajani, na hapa nayaeleza kwa jinsi nilivyoyatumia, pamoja na kasoro zake.

Mtu anayefuatilia siasa na mambo ya nchi nitamwelekeza kwanza kwenye Tanzanian Affairs. Jarida hili hutolewa na Britain-Tanzania Society, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1975, na hutoka mara tatu kwa mwaka, yaani Januari, Mei na Septemba. Matoleo ya nyuma yamewekwa mtandaoni na kuyasoma ni bure. Kwa sura halivutii, kwani ni maandishi mengi na picha chache, na mtu aliyezoea kurasa zenye rangi anaweza kulifunga kabla hajafika ukurasa wa tatu. Thamani yake iko kwenye namna linavyotengenezwa: wahariri hukusanya yaliyoandikwa na kusemwa kwa miezi kadhaa, wakayapanga kwa mada, hivyo msomaji hupata chanzo cha jambo na mwendelezo wake pahala pamoja.

Nilipotaka kuwasomesha wanafunzi habari za maridhiano ya Zanzibar kati ya CCM na CUF, vitabu vya kiada havikunifikisha mbali. Nikafungua matoleo ya kipindi kile nikayasoma kwa mfululizo, kuanzia mkutano wa Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, wa tarehe 5 Novemba 2009, hadi kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura walikubali vyama viunde serikali ya pamoja, na hatimaye Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyoundwa baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo. Faida kubwa ya kusoma namna hii ni kwamba unamwona mwandishi wa wakati ule akiwa hajui bado mambo yatakwendaje. Anapotia shaka, shaka yake ni ya kweli, haikupakwa rangi baada ya matokeo. Wanafunzi wangu waliozaliwa karibu na miaka hiyo walishangaa kuona kuwa jambo wanalolichukulia kama la kawaida lilikuwa linaning'inia.

Kasoro yake ni kwamba limeandikwa kwa Kiingereza na kwa jicho la mtu aliyeko mbali, na Zanzibar hupewa sehemu yake ndogo, ambayo ndani yake Pemba huambulia ndogo zaidi. Pamoja na hayo, usiziruke kurasa za taazia. Humo hutajwa watu waliofika nchini miaka ya mwanzo ya uhuru wakiwa walimu, madaktari na wahandisi, na maisha yao yaliyofupishwa katika aya chache hufundisha historia ambayo mtaala wetu hauigusi.

Kwa upande wa lugha na fasihi, nimenufaika zaidi na Swahili Forum. Lilianza mwaka 1994 huko Cologne, Ujerumani, likiwa ni sehemu ya mfululizo wa makala za taaluma za Kiafrika, kisha likasimama lenyewe. Makala zake ni za Kiingereza na za Kiswahili, nazo hupatikana bure mtandaoni. Mtu asiogope neno "taaluma", kwa sababu wengi wanaoandika humo ni watu wa pwani hii hii wanaozungumzia mambo tunayoyajua. Mfano ni makala ya mwaka 2001 ya Said A. M. Khamis, mwandishi wetu wa Unguja aliyesomesha Chuo Kikuu cha Bayreuth huko Ujerumani, inayouliza taarabu ieleweke vipi katikati ya athari za nyumbani na za dunia. Niliitoa kopi kwenye steshenari moja mjini Wete nikampa rafiki yangu mmoja mpiga fidla, mtu ambaye kwake yeye taarabu ya kisasa si taarabu. Aliirudisha ikiwa imejaa alama za kalamu nyekundu pembezoni, na tangu hapo hubishana na makala hiyo kila tukikutana. Kwa maoni yangu, makala inayomfanya fundi wa kazi achukue kalamu imefanya kazi kubwa kuliko uhakiki mwingi wa vitabu tunaowakaririsha wanafunzi.

Kuna pia Nordic Journal of African Studies, lililoanza mwaka 1992 na kulelewa Helsinki, ambalo hupokea makala kwa Kiswahili sawa na kwa Kiingereza na Kifaransa. Naona haya kidogo kwamba Wafini walitupa heshima hiyo wakati semina zetu wenyewe mara nyingi huendeshwa kwa lugha ya wageni. Nyumbani tunayo majarida mawili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili na Mulika. La kwanza mizizi yake ni ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, nalo ni zito. La pili huandikwa kwa Kiswahili kitupu, na ndilo ninalompa mwalimu anayeanza kazi.

Jarida lililonishangaza zaidi, hata hivyo, linatoka mlangoni petu. Jumuiya ya sayansi za bahari katika Magharibi ya Bahari ya Hindi, WIOMSA, ina makao yake Unguja, na tangu mwaka 2002 hutoa Western Indian Ocean Journal of Marine Science. Nimewauliza walimu wenzangu wa biolojia, na wengi wao hawajawahi kulisikia. Humo utasoma habari za matumbawe, mikoko, pweza na mwani, kwa vipimo na majedwali. Kwa anayeishi kisiwani hizi ni habari za jikoni kwake. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989 kikaenea hadi Pemba, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kila mkulima anajua kwamba mwani wa aina ya kotoni una bei nzuri lakini hufa maji yakipata joto, na kwamba ule wa aina ya spinosamu huvumilia lakini bei yake ni ya kuvunja moyo. Nilimfasiria mkulima mmoja wa Micheweni makala iliyoeleza mambo hayo kwa kutaja nyuzijoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, haya sisi tunayajua kwa miguu yetu. Mbona wao hawakuja kutuuliza kwanza?" Sikuwa na jibu. Na hapo ndipo ilipo kasoro ya jarida hili: Kiingereza chake ni kigumu, na wanaotajwa ndani yake hawawezi kulisoma.

Old Africa la Kenya nalisoma kwa hadhari. Lina picha za zamani na kumbukumbu tamu za wasomaji, ila sauti ya walowezi wa bara imetawala, na Unguja hutokea zaidi kama bandari ya kupitia.

Kwa mtu asiyetaka kusoma kwenye simu kwa sababu ya macho au ya bando, lipo AramcoWorld, lililoanza mwaka 1949 na ambalo hutolewa bila malipo. Karatasi yake ni nzuri, picha zake ni za hali ya juu, na huandika juu ya majahazi, usanifu wa majengo, mapishi na hati za kale za ulimwengu wa Kiislamu, mambo ambayo mtu wa pwani huyasoma kama habari za jamaa zake. Mwenye jarida ni kampuni ya mafuta ya Saudia, kwa hiyo usitarajie kukuta humo lawama juu ya mafuta au juu ya watawala. Lisome kwa ajili ya historia na ufundi. Maombi hujazwa kwenye tovuti yao. Kwa kuwa mitaa yetu mingi haina namba za nyumba, ni bora kutumia sanduku la posta la skuli au la ofisi, na kumweleza karani wa posta mapema kwamba bahasha itakuja na jina lako, la sivyo italala huko.