Uzoefu wangu: nilipangiwa Battlestar Galactica kichwa chini miguu juu

Duka silitaji, lakini kama umewahi kupanda zile ngazi hapa mjini Nakuru kwenda kujaziwa filamu kwa flashi, na kijana akakuuliza "mathe, kwani sirisi za Kifilipino zimeisha?" basi tunaongea juu ya mtu mmoja. Mathe! Niko thelathini na kitu. Sawa, nilikuwa na mtoto mgongoni, lakini bado.

Kakangu wa Kisumu ndiye alinisumbua na hii sirisi ya angani, Battlestar Galactica, hadi nikakubali, akanitumia na mpangilio kabisa: anza na minisirisi ya 2003, sizoni ya 1 mpaka ya 3, halafu filamu ya Razor, halafu sizoni ya 4, filamu ya The Plan ikifuata, na Caprica mwisho kama bado una nguvu. Ile ya kitambo ya 1978 akasema niachane nayo kwanza, hiyo iko kivyake. Nikaandika kwa karatasi vizuri nikampelekea kijana, akaitupia jicho mara moja akaiwekelea kikombe cha chai. "Hadithi huanza mwanzo mathe, wacha nikupangie." Na akapanga kweli, folda zote na namba, mtu ukiona unasema huyu anajua kazi.

Folda ya 01 ilikuwa Caprica.

Sasa ukihesabu miaka ya hadithi yenyewe kijana hajakosea, Caprica ni mambo ya miaka 58 kabla ya sirisi kubwa (na mimi nakaa Section 58, nilicheka peke yangu), lakini iliundwa baadaye, ilitoka 2010 wakati sirisi kubwa ilikuwa imeshaisha, iliundiwa watu ambao tayari wanajali hao Cylon, maroboti wa hiyo hadithi, walitoka wapi, na mimi nilikuwa sijali chochote bado, nataka meli za angani. Episodi 18! Familia mbili zinaomboleza mabinti wao, mawakili, majonzi, mzee wa nyumba kila jioni anauliza kama hii ndio ile ya maroboti. Kuna watu huipenda sana, nimesikia. Labda hata mimi ningeipenda kama ningeipata mahali pake.

Ya 02, Blood and Chrome, sina shida nayo. Ya 03 ndio The Plan na hapo nilitaka kurusha rimoti. Hao Cylon kuna wale wanafanana na binadamu kabisa, aina 12, na utamu wote ni kukaa ukishuku huyu ni mtu ama si mtu. The Plan inarudia mambo yaleyale kutoka upande wa Cylon, na inakuongelesha kama mtu ameshamaliza kila kitu. Kuniwekea hiyo kabla ya sizoni ya 1 ni kunisomea mabao halafu unipeleke Afraha nikaangalie mechi.

Na minisirisi haikuwepo. Nilirudi kumuuliza, akajibu macho yakiwa kwa simu, "hiyo si sizoni mathe, mi huweka masizoni." Yaani masaa matatu ambayo dunia 12 za binadamu zinapigwa na Cylon na wachache wanatoroka, msingi wa nyumba yote, ameacha kwa sababu haina jina la sizoni! Hiyo sentensi bado imenikaa kwa koo. Nyota moja, na hiyo moja ni ya ngazi.

Lakini sasa, ngoja niseme ukweli. Hiyo wiki mtoto alikuwa anaota meno na hakuna mtu alikuwa analala kwetu. Saa nane usiku hivi, nimembeba, nimepunguza sauti, nikaweka sizoni ya 1. Episodi ya kwanza inaitwa "33". Cylon wanafika kila baada ya dakika 33, meli za walionusurika zinaruka mbali, zinapata pumzi kidogo, wanafika tena, na hawa watu hawajalala zaidi ya masaa 130. Sijui majina, sijui nani ni rais kwa nini, hakuna aliyenieleza kitu, na macho yao yalikuwa macho yangu. Kila nikimlaza anaamka. Rais ana ubao wa kuhesabu walio hai, namba inashuka tu, kisha mwishoni kabisa anaambiwa kuna mtoto amezaliwa, anafuta 47,972 anaandika 47,973. Nililia na mtoto amenitapikia bega.

Ningeanza na minisirisi ningeingia hapo nikijua kila mtu. Sijui kama ingenipiga vile. Kakangu anasema ingenipiga zaidi, na pengine ni kweli, kwa Razor hakukosea, ilitoka 2007 na inarudi nyuma kwa mambo ya sizoni ya 2 lakini iko sawa palepale kabla ya sizoni ya 4. Kwa hivyo fuateni mpangilio wa kakangu. Ama anzeni na "33" mkiwa mmechoka. Nyota mbili, basi.

Juzi nikarudi kuchukua minisirisi. Alikuwa ameitafuta, nitampa hiyo, akanichaji kama sizoni nzima. Akiwa ananirudishia flashi akaniuliza, polepole hivi, kama hiyo kitu ni poa na yeye aanzie wapi.

Nikamwambia Caprica.